Sinia Moja Kabla ya Firimbi

Wapo watu Kasongo wanaosema Djamila alipata kiti cha meneja kwa bahati. Wengine wanasema ni dua za mama yake. Juzi sokoni nilimsikia mwingine, mtu mzima na ndevu zake, akisema eti ni kwa sababu anajua kuongea. Nilimwachia nyanya zake nikaondoka, maana ningebaki ningemwambia maneno ya kuvunja udugu. Mimi Asani ndiye ninayekimbia pembeni mwa uwanja na bendera kila Jumapili, Djamila akiwa katikati na firimbi. Siku za kazi ndiye mimi tena ninayeendesha pikipiki ya ofisi na kutunza ghala. Nimemwona huku na nimemwona kule. Kile kiti alikipata uwanjani, na anayebisha aje, nipo.

Ofisi yetu ni ya ushirika wa wakulima wa mpunga. Wanachama nusu wako Kasongo na vijiji vyake, nusu wako Wamaza, kule upande wa Kabambare. Meneja wetu wa miaka mingi, Papa François, alipochoka alikwenda kukaa na watoto wake Kindu, akatuachia kiti kitupu na ugomvi umejaa. Djamila alikuwa sekretari wake. Halmashauri ikamwambia akalie kiti kwa muda.

Ugomvi wenyewe ulikuwa chini ya turubai ghalani kwangu: mashine mpya ya kukoboa mpunga. Moja tu. Wa Kasongo walisema iwekwe Kasongo, kwa sababu ile ya zamani inakohoa kama mzee wa tumbaku na siku yoyote itazima. Wa Wamaza walisema mpunga mwingi unalimwa kwao, na wao ndio wanaousukuma juu ya baiskeli kwenye tope, kuvuka mito, ndipo ukobolewe mjini. Kila upande uliapa kwamba mashine ikienda kwa wenzao, wao wanatoka kwenye chama.

Muzee Faradji, mwenyekiti wetu, mwenye duka kubwa karibu na msikiti, alimwita Djamila mbele yetu sote.

"Kaa kwa ile kiti kwanza," alimwambia. "Ile mambo ya machine ikiisha na chama yetu ingali moja, kiti ni yako. Ikipasuka, tutatafuta mutu mwingine. Na ile firimbi, mwanangu, uiweke chini. Mutu wa biro, wa ofisi, hawezi kukimbia-kimbia nyuma ya mupira na vijana."

"Ya kiti nimesikia, Muzee," Djamila alijibu. "Ya firimbi tutaisema kisha."

Alijibu kwa upole, lakini mimi niliona mguu wake chini ya meza ukigonga sakafu. Alikitaka kile kiti. Aliniambia wazi tukifunga ghala jioni ile, kwamba hajawahi kutaka kitu namna hiyo, na kwamba anaogopa.

Lazima nieleze hapa jinsi anavyofanya kazi, maana watu wanadhani mwamuzi ni mtu wa kupuliza tu. Mimi nilijaribu kukaa katikati mara moja. Kapteni mmoja akaniambia macho yangu ni ya kuku wakati wa magharibi, nikamfukuza na bendera yangu mpaka nje ya uwanja, mpaka kwao. Tangu siku hiyo nimewekwa pembeni, na ndiko ninakofaa. Djamila akitukanwa ni kama mvua juu ya bati: anaisikia, anajua inanyesha, lakini kazi haisimami.

Ofisini ni vilevile. Watu wakigombana, haketi mbali akapaza sauti. Anainuka, anasogea karibu. "Arbitre akikuwa mbali," aliniambia siku moja, maana mwamuzi kwetu huitwa arbitre, "hata akiona muzuri, watasema hakuona." Kosa dogo analiacha lipite kama mpira bado unakwenda mbele. Mtu akichelewa na kazi yake imekwisha kabla ya adhuhuri, Djamila hamwoni. Akichelewa na watu wamepanga foleni mlangoni, anamwona. Na akikosea yeye, anasema nimekosea, mara moja, bila hotuba, kisha tunaendelea. Papa François alikuwa mtu mwema, lakini kukubali kosa kulimchukua msimu mzima wa mvua.

Tena Papa François ndiye aliyeliharibu jambo la mashine, na aliliharibu kwa adabu. Kabla ya kustaafu alikwenda Wamaza kuona mambo. Mama Régina, ambaye ndiye kiongozi wa wakulima wa kule, mwanamke wa kanisa, mwenye mashamba na mwenye ulimi, alimkaribisha nyumbani akamchinjia kuku. Papa François akala. Angefanya nini? Alirudi Kasongo akasema kwa maoni yake mashine iende Wamaza. Wa Kasongo hawakumuuliza juu ya barabara wala juu ya mpunga. Waliuliza neno moja tu.

"Alikula wapi?"

Ikawa imekwisha. Hata angekuwa na haki tupu mdomoni, kuku yule alikuwa ameshaimeza.

Kisha Muzee Faradji naye akaita mkutano nyumbani kwake, na pilau la kutosha harusi. Wa Wamaza walifika mpaka kwenye ua, wakaona masufuria, wakabaki barabarani na baiskeli zao. Walisema wakiingia watakula, na wakila watakuwa wamekubali. Wakarudi na njaa yao, na tangu siku hiyo Mama Régina alisema Kasongo wamewaacha barabarani kama wachuuzi wa kuni. Muzee Faradji naye akasema wamelitukana sinia lake. Wote wawili walikuwa wamekasirika kwa sababu ya adabu, na hasira ya adabu ndiyo ngumu kupoza.

Sisi waamuzi ugonjwa huu tunaujua. Kwetu mgeni akikataa chakula ametukana nyumba nzima pamoja na waliozikwa. Na mwamuzi akila kwa upande mmoja ameuza mechi, hata kama alichokula ni kipande cha muhogo. Katikati ya mambo hayo mawili wamepotea waamuzi wengi. Nimeshika bendera na njaa mpaka mistari ya uwanja naiona miwili miwili, na bado mtu nyuma yangu anauliza, "Huyu wa bendera alikula wapi?" Siku hizo nilitamani kuwa na bendera ya chuma.

Dawa aliipata Djamila, tulipokwenda Salamabila kuchezesha wachimba dhahabu na waendesha pikipiki. Tulipofika, kila timu ilikuwa imetupikia. Wachimbaji wanaita huku, wa pikipiki wanaita kule, na macho yote yanatazama miguu yetu itaelekea wapi. Mimi miguu yangu ilikuwa tayari inaelekea kwenye harufu ya mbuzi. Djamila akanishika mkono. Aliita makapteni wote wawili, na kila mmoja aje na chungu chake, katikati ya uwanja, palepale mpira unapoanzia. Akaomba sinia moja. Vikamwagwa vyote humo. Akakaa kapteni mmoja kulia, mwingine kushoto, yeye katikati na mimi mbele yake, tukala kwa mkono uwanja mzima ukitutazama.

Walicheka sana siku ile. Lakini mechi ilipokwisha na wachimbaji wamefungwa kwa penalti, hakuna aliyeuliza swali lile. Angemuuliza nani? Kapteni wake bado alikuwa na mafuta kwenye vidole. Sasa timu za Kabambare zinatungojea na sinia, na tusipoliona hatupulizi.

Basi Djamila alipopewa ile kazi ya mashine, nilidhani ataita mkutano kesho yake. Haikuwa hivyo. Alisema mwamuzi hupima uwanja kwanza kwa miguu yake, goli hadi goli. Tukaenda Wamaza. Mvua ilikuwa imeila njia. Kwenye daraja moja la magogo nilisukuma pikipiki, yeye ametangulia na viatu mkononi, na nilitukana kila gogo kwa jina lake. Njiani tuliwapita watu wa baiskeli na magunia yao ya mpunga, wanasukuma wawili wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Djamila alishuka akasukuma nao mlima mzima. Alitaka kujua uzito, nafikiri.

Wamaza, Mama Régina alituonyesha mashamba, ghala lao na mahali ambapo mashine ingekaa. Mchana ukafika. Nikaona jogoo mwekundu anaburutwa kwa miguu kuelekea jikoni, na moyo wangu ukafurahi.

"Mama Régina," Djamila akasema, "ile kuku nitakula. Nakuapia nitakula. Lakini si hapa, na si leo. Utakuja naye kwa mukutano, na uje naye muzima."

Mama Régina alisimama, mikono kiunoni. "Unakataa chakula yangu?"

"Sikatai. Nakuomba uibebe."

Walitazamana. Mama Régina ni Mkristo, Djamila ni Mwislamu, na kuku mzima ana maana yake baina yao. Nikaona yule mama anafikiri, kisha uso wake ukalegea kidogo. "Muzima," akarudia. "Uko na akili ya nyoka, weye mutoto." Jogoo akaachiwa. Mimi niliendesha mpaka Kasongo na maji matupu tumboni, na sikumsemesha Djamila njia nzima. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini yeye hakuwa hata na shibe, ndiyo maana sikuwa na la kumlaumu, na hilo liliniudhi zaidi.

Kwa Muzee Faradji mambo yalikuwa mabaya. Tulikwenda kusikia upande wa Kasongo na kuitazama ile mashine ya zamani ikikohoa. Mke wake, Mama Amisa, alikuwa ameandaa pilau, na ukijua pilau la Mama Amisa utajua nilikuwa na moyo wa namna gani nilipomsikia Djamila anasema maneno yaleyale: atakula, lakini si hapa, si leo, liletwe kwenye mkutano.

Muzee Faradji aliweka chini kikombe chake. "Ndani ya nyumba yangu? Baba yako alikula hapa mpaka akazeeka, na weye unaniambia nibebe sahani kama muuza mandazi?"

"Baba yangu hakukuwa arbitre, Muzee."

"Na weye si arbitre. Weye ni mutu wa biro, na hata ile bado." Akainuka, akaingia ndani. Siku ya pili tulisikia kwamba mpwa wake anaitwa kutoka Kindu aje kukalia kiti. Tulisikia msikitini, sokoni na kwa kinyozi, maana Muzee Faradji akitaka jambo lijulikane, hulitangaza kwa kunong'ona.

Ni Mama Amisa aliyetusindikiza mpaka mlangoni. Alimwambia Djamila kwa sauti ndogo, "Pilau itafika. Usijali. Miye ndiyo napika, si yeye."

Djamila alicheka mbele yake. Tulipokuwa peke yetu alikaa juu ya pikipiki, hajaiwasha, akasema, "Asani, nimeharibu. Ile kiti imeenda." Na macho yake yalikuwa na maji. Mimi ni mtu wa hasira, si mtu wa kufariji. Nilimwambia tu kwamba mechi haijaanza, na mwamuzi halii kabla ya mechi, hulia baadaye, nyumbani. Akajifuta kwa mtandio, akawasha yeye mwenyewe.

Mkutano aliuweka kwenye uwanja wa shule, katika kijiji kilicho katikati ya njia. Hakuna mwanachama wetu anayelima pale, kwa hiyo kijiji hakina upande. Kabla ya siku yenyewe alifanya jambo jingine: alizipa pande zote mbili masharti, nazo zikakubali. Kila upande utakuwa na kapteni mmoja, na kapteni ndiye atakayesema na meneja. Wengine wote watakaa nyuma ya mstari. Makapteni wakimaliza, Djamila ataamua palepale, na uamuzi utakuwa ndio huo. Walikubali kwa sababu walikuwa wamechoka, na pia, nadhani, kwa sababu kila upande uliona utamshinda mtoto yule.

Asubuhi ile nilichora mstari kwa majivu, kama wa pembeni, nikasimama juu yake na bendera. Wa Kasongo wakafika kwa pikipiki, wa Wamaza kwa baiskeli na miguu. Mama Amisa alishuka na sufuria limefungwa kwa kitambaa. Muzee Faradji alishuka nyuma yake, uso umekunjwa, haitazami sufuria wala meneja. Kapteni wa Kasongo ni yeye. Kapteni wa Wamaza ni Mama Régina, ambaye alikuja na kanga mpya na jogoo mwekundu kwapani.

Djamila aliweka sinia tupu katikati ya uwanja. Alikuwa na suti yake ya ofisi, na firimbi shingoni.

"Makapteni," akasema. "Karibuni tule. Kisha tutaanza."

Mama Régina alitembea moja kwa moja mpaka kwa Muzee Faradji. Alimnyooshea jogoo kwa mkono mmoja, na kisu kwa mkono mwingine, mpini ukielekea kwake.

"Chinja weye mwenyewe," akasema. "Kisha hautaniuliza nani alichinja."

Nimesimama mistarini miaka mingi, na sijaona mtu amekamatwa vizuri namna ile. Akikataa, amekataa kuku wa mwenzake mbele ya watu. Akisema si halali, kisu kiko mkononi mwake. Muzee Faradji alimtazama Djamila kwa mara ya kwanza tangu siku ya pilau. Djamila alikuwa anatazama saa yake, kama afanyavyo timu ikichelewa kuingia. Hakusukuma, wala hakusihi. Mechi haianzi, basi.

Mzee akachukua kisu. Akamgeuza jogoo kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja.

Kuku haivi kwa dakika moja, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Djamila alimtaka mzima. Maji yalipochemka, wanawake wa Wamaza walianza kunyonyoa, na Mama Amisa akaingia kati yao na chumvi yake, kwa sababu hawezi kuona mwenzake anatia chumvi asitoe maoni. Wanaume walibaki nyuma ya mstari, lakini harufu haina mstari. Nikasikia mmoja wa Kasongo anauliza upande wa pili kama kule nako ndege wamekula mpunga mwaka huu. Akajibiwa wamekula, tena wamenenepa. Wakacheka. Mimi na njaa yangu nilishika bendera vizuri.

Kuku alipokuwa tayari alimwagwa juu ya pilau. Djamila alishika birika ili awanawishe. Muzee Faradji akamtazama Mama Régina, ambaye kwa umri ni dada yake mkubwa, akatazama birika, akalichukua kutoka kwa Djamila. Akamnawisha Mama Régina yeye mwenyewe. Wakakaa, wakala, Djamila katikati. Niliona mzee anasukuma paja la kuku upande wa yule mama, kama mtu anayefanya jambo asilojua.

Kisha Djamila akasimama, akapuliza firimbi mara moja, fupi.

Muzee Faradji alisema ya Kasongo: mafuta, soko, mashine ya zamani inayokufa. Alisema vizuri. Mama Régina alisema ya Wamaza: magunia, tope, vijana wanaoacha kulima wakimbilie dhahabu kwa sababu baiskeli imewavunja mgongo. Mara moja kijana mmoja wa Kasongo, Heri, fundi maneno, aliruka mstari apige kelele. Nikanyanyua bendera mbele ya pua yake. Alirudi.

"Kitu kimoja kinanisumbua," Djamila akamwambia Mama Régina. "Wamaza hakuna fundi wa machine. Ikiharibika, itakufa."

"Iko," Mama Régina akasema. "Mutoto wa dada yangu anatengeneza machine za wachimbaji kule Salamabila. Anataka kurudi nyumbani. Hakuna mutu aliniuliza."

"Basi nilikosea pale," Djamila akasema, kwa sauti ya kuwafikia watu wa pande zote mbili. "Ile neno nimeifuta." Nikaona watu wa Wamaza wanatazamana. Hawakuzoea kusikia ofisi ya Kasongo inasema hivyo.

Djamila akauliza kama kuna kapteni mwenye neno jingine. Hakukuwa. Ndipo akatoa uamuzi, amesimama wima, mikono chini.

"Machine mupya inaenda Wamaza. Mupunga mingi inatoka kule, na makapi hakuna mutu anakula. Hatuwezi kuyabeba juu ya baiskeli kuvuka ile mito yote ili tuje kuyatupa Kasongo. Soko na gala ya kuuzia vinabaki Kasongo. Fundi wa Mama Régina anakuja kwanza Kasongo kutengeneza ile ya zamani, kisha ndiyo anapeleka mupya. Ni vile."

Akageuka, akatembea hatua chache, akasimama. Mwendo ule naujua. Ni wa mwamuzi aliyetoa penalti, anayekwenda kwenye alama na hangoji kuzungukwa.

Upande wa Wamaza haukuthubutu kushangilia. Upande wa Kasongo ukanguruma. Muzee Faradji aliinuka pole pole.

"Djamila," akasema. "Unakumbuka nani anatoa kiti?"

"Nakumbuka, Muzee."

"Na bado unasema ile?"

"Kapteni ana haki ya kuuliza. Umeuliza. Uamuzi ni ule ule."

Sauti yake ilikuwa ileile, lakini mimi nilikuwa karibu, niliona jinsi alivyoikamata firimbi. Alikuwa amekitoa kile kiti, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Nilitaka kulia, na kwa kuwa mimi nikitaka kulia hukasirika, nilitafuta mtu wa kumpiga.

Nikampata karibu. Heri alikuwa amesimama tena, kidole juu, na kwa sauti iliyofika mpaka barabarani akatoa lile swali, lile lililomwangusha Papa François.

"Aseme kwanza. Alikula wapi?"

Wa Kasongo wakadaka. "Ee. Alikula wapi? Alikula wapi?"

Djamila hakujibu. Hata hakugeuka. Alimtazama tu kapteni wao, kwa sababu kapteni ndiye anayesema. Kelele ikashuka, ikashuka, mpaka wote wakawa wanamtazama Muzee Faradji.

Mzee alitazama mkono wake wa kulia. Mafuta ya jogoo yalikuwa bado yanang'aa vidoleni. Ni mtu mwenye kiburi, lakini si mwongo. Mtu anaweza kuwa vyote viwili, na ndiye mtu mgumu kuliko wote.

"Alikula na miye," akasema.

Akamgeukia Heri. "Sahani moja. Kuku nilichinja na hii mukono. Pilau ni ya bibi yangu. Kama huyu mutoto ameuza mechi, basi ni miye nilimununua, na angalia sasa nilichopata."

Kwanza alicheka Mama Amisa. Kisha Mama Régina, kwa lile tumbo lake lote. Kisha uwanja mzima, pande zote mbili, na mstari wangu wa majivu ukakanyagwa na watu waliokuwa wanavuka kushikana mikono. Heri alikaa chini pale aliposimama. Mama Régina akapaza sauti kwamba siku mashine itakapowashwa Wamaza, gunia la kwanza kuingia litakuwa la Kasongo, na vigelegele vikapigwa na wanawake ambao asubuhi hawakusalimiana. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na siku ile nilimwona mshindani mkubwa.

Mzee alimfuata Djamila pale alipokuwa amesimama peke yake. Nilisogea, kama inavyonipasa, maana wa pembeni lazima awe karibu na tukio.

"Mupwa wangu nitamwambia abaki Kindu," akasema. "Kiti ni yako. Uikalie vile ulisimama leo."

"Aksanti, Muzee." Akagusa kamba shingoni. "Na firimbi?"

Muzee Faradji alifikiri. "Jumapili nani anachezesha?"

"Ni miye."

"Basi nitakuja. Lakini huyu Asani umwambie, bendera yake inaharakisha sana."

Nilitaka kumjibu. Nilimwachia, kwa heshima ya paja la kuku nililoliona limebaki kwenye sinia. Nilikaa nikala peke yangu, pilau la Kasongo na jogoo wa Wamaza, mpaka nikalamba vidole, huku Djamila anabebwa juujuu na wanawake kuelekea kwenye pikipiki, akilia na kucheka kwa pamoja, firimbi ikirukaruka kifuani mwake.

Sasa ni meneja. Mashine inanguruma Wamaza, ile ya zamani imeacha kukohoa, na wakigombana watu mlangoni mwa ofisi husikia sauti moja tu kutoka ndani: kapteni ni nani? Yule wa nyanya kama bado anabisha, namkaribisha mechi ijayo. Aje mapema, kabla ya firimbi, na kuku aje naye mzima.